Mmea Usio na Jina Hauna Bei Nafuu

Katika miji mingi ya Marekani, maduka makubwa yauzayo misumari, mbao, rangi na mabomba huwa pia na sehemu ya bustani. Hapo, kando ya magunia ya mbolea na mipira ya kumwagilia maji, hupangwa vyungu vidogo vya plastiki vyenye dungusi, mimea ya miiba ambayo wengine huiita kakati. Bei yake ni dola chache tu, na ile iliyokaa rafuni muda mrefu hupunguzwa bei zaidi. Wapenzi wa mimea hii huzisubiri siku hizo kwa hamu, kwani miongoni mwa dungusi za kawaida huweza kupatikana aina adimu ambayo mkulima maalumu angeiuza kwa fedha nyingi.

Lakini mara nyingi lebo ya chungu husema neno moja tu: "kakati". Jamii hiyo ina aina zaidi ya 1,400, kwa hiyo lebo ya namna hiyo ni sawa na kuandika "mnyama" juu ya banda bila kusema kama ndani mna mbuzi au simba. Wako wasemao kwamba mnunuzi wa pambo la dirishani hana haja ya jina la kitaalamu, mradi mmea unapendeza. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa mambo yenyewe.

Swali la kwanza ni kama mmea huo ni dungusi kweli. Dungusi zote zina areoli, yaani vidoa vidogo, aghalabu vyenye manyoya, ambamo miiba huchipuka. Mmea usio na vidoa hivyo si dungusi, hata ukiwa na miiba mikali namna gani. Katika rafu zile zile huuzwa Euphorbia trigona, mmea wenye asili ya Afrika, ambao ni ndugu wa mnyaa unaopandwa kuwa ua katika vijiji vya Afrika Mashariki. Miiba yake hukaa miwili miwili kwenye kingo za shina. Jamii hizi mbili hazina udugu wa karibu. Zimefanana kwa sababu zote zimelazimika kuhifadhi maji katika nchi kavu. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Utomvu mweupe wa Euphorbia huwasha ngozi, nao ukiingia jichoni waweza kulidhuru vibaya. Mzazi aliyeambiwa kwamba amenunua "kakati" atamwonya mtoto juu ya miiba, asijue kwamba hatari kubwa zaidi imo ndani ya shina.

Baada ya hapo mnunuzi huhesabu mbavu za shina, hutazama kama lina vinundu badala ya mbavu, na hulinganisha miiba ya katikati na ile ya pembeni. Ua ndilo shahidi bora, lakini lazima liwe la kweli. Wako wauzaji wanaogundisha maua makavu juu ya dungusi kwa gundi. Ile yenye kichwa chekundu au cha manjano ni mimea miwili: kichwa cha Gymnocalycium kisicho na klorofili ya kutosha, kilichobebeshwa juu ya shina la kijani la aina nyingine linalokilisha. Kikitenganishwa na shina hilo hufa.

Jina pia hufundisha malezi. Schlumbergera hutoka katika misitu ya Brazili, ambako huota juu ya miti na miamba yenye kivuli na unyevu. Echinocactus grusonii, dungusi ya mviringo yenye miiba ya rangi ya dhahabu, hutoka katika sehemu kavu za Meksiko. Anayezimwagilia zote mbili kwa kipimo kimoja ataiua mojawapo, naye atalaumu mkono wake wakati kosa ni la lebo.

Zaidi ya hayo, mimea haibaki dirishani daima. Opuntia microdasys huonekana laini kama sungura, kumbe imejaa vijiba vidogo mno vinavyong'ang'ania vidoleni. Jamaa zake, mipungate, zimekwisha kuitia dunia hasara. Huko Australia mipungate ilienea katika hekta zipatazo milioni 24, hata kuanzia mwaka 1926 ikabidi kuachiliwa nondo wa Cactoblastis kutoka Argentina ili viwavi wake waile. Nchini Kenya, wafugaji wa Laikipia wanaijua adha ya Opuntia stricta: ilipandwa kuwa ua na pambo, tembo na nyani wakala matunda na kutawanya mbegu, na sasa vijiba vyake huwajeruhi mbuzi na ng'ombe midomoni na matumboni. Maafa hayo yalianza kwa mtu mmoja kupanda mche asioujua tabia.

Yafaa pia kukumbuka zinakotoka. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya aina za dungusi zilizopimwa zimo hatarini kutoweka. Echinocactus grusonii ni adimu porini, na baadhi ya makao yake yalizama chini ya bwawa la Zimapán katika miaka ya 1990; lakini madukani ni rahisi, kwa kuwa huoteshwa kwa mbegu. Biashara ya namna hiyo ni njema, maana huondoa kishawishi cha kung'oa mimea ya porini. Lakini mmea usio na jina hauulizwi ulikotoka.

Ni kweli kwamba majina ya kitaalamu hubadilika. Hata Echinocactus grusonii siku hizi wataalamu wengi huiita Kroenleinia grusonii. Hata hivyo, jina la zamani humfikisha msomaji kwenye jipya, lakini neno "kakati" halimfikishi popote. Kuandika jina kamili juu ya lebo humgharimu muuzaji wino kidogo tu. Sheria na imlazimishe kuliandika, na mnunuzi naye azoee kuliuliza kabla ya kuuliza bei.