Mashujaa Warudishiwe Majina Yao

Taifa lenye kujiheshimu huwakumbuka waliokufa vitani kwa ajili yake. Tanzania nayo haikubaki nyuma. Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale kwenye mnara, na wananchi husimama kimya kwa heshima. Jambo hilo ni jema na lidumishwe. Hata hivyo, shujaa akumbukwaye pamoja na maelfu ya wenzake bila ya kutajwa jina lake amekumbukwa nusu tu. Nusu iliyobaki ni jina lake, na mahali pa kulisoma jina hilo ni kijiji alichozaliwa.

Tuchukue mfano wa Ihanja, kata iliyomo katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, nchi ya Wanyaturu. Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akasema kuwa Ihanja ni mbali na bahari na mambo yake hayatuhusu. La, hasha! Vita havikuchagua bara wala visiwani. Ihanja ni miongoni mwa vituo vya zamani vya misheni ya Kilutheri katika Singida, na usharika wa namna hiyo ni mahali ambapo watu huandikwa: abatizwaye huandikwa, aoaye huandikwa, azikwaye huandikwa. Lakini mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi akafia njiani, au kijana aliyevaa sare akazikwa ugenini, hawezi kuwamo katika kitabu cha mazishi cha kwao, kwa kuwa kwao hakuzikwa. Kwa jamaa wa mtu huyo, ubao wenye jina lake katika kanisa la kijiji hushika nafasi ya kaburi wasiloweza kulizuru.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, vilipiganwa katika ardhi yetu baina ya Wajerumani kwa upande mmoja, na Waingereza na Wabelgiji kwa upande wa pili. Mzigo wake wakatwishwa Waafrika. Kondoa Irangi ilitekwa na majeshi ya Jenerali van Deventer mwezi Aprili 1916, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo huo. Nchi ya Singida iko baina ya miji hiyo miwili. Katika Ugogo, jirani na Singida, pande zote mbili zilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Kisha ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ikaua watu wanaokadiriwa kufikia 30,000. Ama wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yao, hao hukadiriwa kuwa kiasi cha 95,000.

Mwaka 1927 ilizinduliwa mjini Dar es Salaam Sanamu ya Askari, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika. Sanamu hiyo ni nzuri na maandishi yake ni ya heshima, lakini jina la marehemu hata mmoja halimo. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, bila ya kujali cheo wala dini. Kanuni hiyo ilifuatwa Ulaya, ikawekwa kando Afrika. Tume yenyewe ilikiri hayo katika ripoti yake ya Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Visiwani nako tusijione kuwa tumesalimika. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Kanisa la Kianglikana la Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi, akakiongoza bara, naye akapewa cheo cha Meja. Jumba la Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa mwaka 1925, lilijengwa kwa kumbukumbu ya kumalizika kwa vita hivyo. Basi jina la Askofu twalijua, na jumba twaliona. Ni nani miongoni mwetu awezaye kutaja majina kumi ya wale waliojitwika mizigo? Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulifundishwa kuwa habari haina uzito mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani, jina kwa jina. Kumbukumbu ya mashujaa nayo yastahili uzito huo.

Lawama zote tusimtupie mkoloni. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Wanajeshi wetu pamoja na mgambo walikwenda kuikomboa ardhi ya nchi yao, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa. Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, yapo makaburi ya mashujaa wa vita hivyo na mnara wenye majina yao. Hapo Serikali ilitimiza wajibu wake vizuri. Lakini kutoka Ihanja hadi Kaboya ni mamia ya kilomita, na kutoka Makunduchi au Micheweni ni safari ya bahari na ya nchi kavu. Mjane mzee atapata wapi nauli ya kwenda kulisoma jina la mumewe? Majina yakisha kuwepo, kuyafikisha nyumbani ni kazi ndogo.

Wako watakaosema kuwa vita vya 1914 vilikuwa vya wakoloni, na kuwakumbuka waliokufa humo ni kumtukuza mkoloni. Hoja hiyo haisimami. Mkoloni ndiye aliyewahesabu watu hawa kama mizigo bila ya kuwataja. Tukinyamaza, twaiendeleza kazi yake. Wengine watasema kuwa ubao kanisani utawatenga Waislamu na wafuasi wa mila. Hofu hiyo ina msingi iwapo ubao huo utakuwa peke yake. Kwa hiyo daftari kamili na liwe la kijiji, au la shehia kwa upande wa Visiwani, nalo liwe la watu wote. Kutokana na daftari hilo usharika uandike ubao wake, na msikiti uwataje marehemu wake katika hitima kwa desturi yake.

Twawaomba viongozi wa Chama na Serikali walitazame jambo hili kwa haraka. Majina yaliyoko Kaboya yapelekwe katika kila wilaya walikotoka marehemu. Watendaji wa vijiji na masheha wakae na wazee, waandike wanayoyakumbuka juu ya vita vya Kagera na waliyoyasikia kwa baba zao juu ya vita vya kale. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo amekwisha kupita 65, na kila mwaka twawazika mashahidi. Gharama yake ni daftari, kalamu na ubao wa mninga. Siku ya Mashujaa ijayo, kabla ya shada kuwekwa mnarani, na yasomwe majina hayo kijijini, mbele ya watoto na wajukuu wao.