Kibarua Bila Barua

Neno kibarua, kama wajuavyo wasomi wenzangu, ni udogo wa barua. Kamusi za zamani hutueleza kuwa mtu wa kazi ya kutwa aliitwa hivyo kwa sababu ya kijikaratasi alichopewa kuthibitisha siku aliyoitumikia, naye akakitoa apate ujira wake. Ni kinaya kilioje, basi, kwamba kibarua wa leo katika Kitui na Makueni, awe mpakiaji wa mchanga mtoni au mchunaji wa maembe, aghalabu hana hata hicho kijikaratasi!

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, yaagiza katika kifungu cha 9 kuwa mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Iwapo mfanyakazi hajui kusoma, au haielewi lugha ya mkataba, sharti afafanuliwe kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 37 nacho humlinda kibarua aliyetumika mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, akahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Tatizo ni kwamba ulinzi huu wote umeandikwa kwa Kiingereza. Binti atokaye Mutomo kwenda kufanya kazi za nyumbani Nairobi hausomi. Mwenye duka mjini Wote, mwajiri wa mtu mmoja, hausomi pia. Wala hajui kuwa pasipo mkataba ulioandikwa, mzigo wa kuthibitisha makubaliano humwangukia yeye. Aidha, tangu 2024 mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, mwajiri akiongeza kiasi kicho hicho, na asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Asiyeyaelewa makato hayo atajuaje kama yamefikishwa yanakostahili? Waama, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi wa fasihi na isimu. Yanatuhusu sana. Katiba ya 2010, ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo tumeiimba makongamanoni, ilhali hatujampa mwenye duka wa Wote hata ukurasa mmoja wa mkataba anaoweza kuusoma.

Napendekeza chama chetu kiandae mkataba wa mfano wa kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu na chepesi, ukaguliwe na wanasheria, kisha wenzetu wajuao Kikamba waandae ufafanuzi wake. Utaje kazi, saa, ujira, makato, notisi na likizo ya siku 21 kwa mwaka. Usambazwe sokoni, makanisani na kwa machifu. Tumrudishie kibarua barua yake, tena iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa.