Treni Ndogo Iseme Imetengenezwa Wapi

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, tena la mchezo wa watoto. Mimi naona ndani yake mna somo linalotuhusu sisi tuliokwisha pita katika shule hii, na ninyi mliomo sasa.

Likizo iliyopita kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alirudi nyumbani Tororo kutoka Ulaya anakofanya kazi. Alimletea Babu zawadi ya gari la moshi la mfano, injini na mabehewa mawili, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Babu alikuwa fayamani wa Reli za Afrika ya Mashariki, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Sanduku la zawadi lilikuwa zuri ajabu. Juu yake palichorwa bendera ya nchi anakokaa kaka, na maneno makubwa ya kuwasifu mafundi wa nchi hiyo.

Babu akavaa miwani, akaigeuza injini ubavu huu na ubavu huu. "Kibao kiko wapi?" akauliza. Tukatafuta sote. Mwisho tukaona chini ya sanduku, karibu na mkunjo wa karatasi, herufi ndogo mno zisemazo kwamba kitu hiki kimetengenezwa Uchina.

Kaka akanyamaza, kisha akasema, "Babu, nimetoa fedha nyingi nikidhani nanunua kazi ya mikono ya watu ninaokaa nao." Ndipo mabishano yakaanza, nasi tukabishana hata taa ikawashwa.

Kibao alichokitafuta Babu ni kile bamba cha chuma au shaba kinachofungwa ubavuni mwa injini ya kweli, kutaja jina la kiwanda, mji, namba na mwaka. Yale majitu 34 ya aina ya 59, yaliyopewa majina ya milima yetu, yalijengwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956. Lakini injini za aina ya 60, ingawa ziliagizwa kwa kampuni hiyo hiyo, 12 za kwanza zilijengwa Raismes, Ufaransa, na kampuni ya Franco-Belge. Vitabu vya reli vyaeleza hayo waziwazi, wala sijasikia mtu aliyezidharau injini hizo kwa sababu hiyo. Ikiwa jitu la reli halioni haya kusema kwao, kwa nini mtoto wake wa mezani aone haya?

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, duka la Bassett-Lowke la Northampton liliwauzia Waingereza treni ndogo zenye rangi za reli zao, kumbe nyingi zilitengenezwa na Bing wa Nuremberg, Ujerumani. Hata kabla ya hapo, mwaka 1887, Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, kwa kuwa visu na vitu vingine vya kigeni viliuzwa kwa majina ya Kiingereza. Waliotunga sheria walitumaini kwamba neno "Ujerumani" litamkimbiza mnunuzi. Mambo yakawa kinyume. Watu walivitumia vitu vile, wakaviona vyema, na baada ya miaka neno lile likawa sifa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siku hizi treni nyingi za mfano hutengenezwa Uchina. Hornby ya Uingereza ilihamishia kazi yake huko katika miaka ya 1990, na Lionel ya Marekani, iliyoanzishwa New York mwaka 1900, ikafuata njia hiyo baadaye. Sioni dhambi katika kuhama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1930 hudai kwamba kitu kitokacho ng'ambo kiandikwe nchi yake mahali panapoonekana, kwa maandishi yanayosomeka na yasiyofutika upesi. Uingereza haivilazimishi vitu vingi kuandikwa hivyo, bali hukataza kumpotosha mnunuzi. Lakini twajua sote kwamba mtu aweza kutimiza sheria kwa herufi za chini ya sanduku, huku bendera ya juu ikisema neno jingine. Huo nauita ukweli uliofichwa, nao ni ndugu wa uwongo.

Binti mmoja wa nyumbani alipinga akasema, "Lakini michoro yote ilifanywa Ulaya, basi ni ya Ulaya." Hoja hiyo ina uzito, nami naijibu hivi: yaandikwe yote mawili kwa herufi zilizo sawa, kwamba imechorwa huku, imetengenezwa kule. Mwingine akasema kwamba wanaodai alama wataka tu kuwadharau Wachina. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini niliitazama injini ile kwa kioo cha kukuzia. Vyuma vya kushikia vilikuwa vyembamba kama unywele, na namba ilisomeka wazi. Yupo mtu aliyeinama mezani akaitia rangi ile kwa mkono usiotetemeka. Kulificha jina la nchi yake ni kumnyang'anya sifa yake pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hapa sina budi kuungama. Katika mwaka wangu wa pili shuleni nilipeleka gari la waya kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Mwili wa gari niliutengeneza mimi, lakini magurudumu na usukani, vilivyowastaajabisha watu wote, ni kazi ya mdogo wangu aliyekuwa bado shule ya msingi. Kwenye karatasi niliandika jina langu peke yake, nikapata zawadi ya kalamu. Yeye alikuwapo siku ile, akasoma karatasi, asiseme neno. Kalamu ilikwisha wino zamani, lakini uso wake ningali nauona.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, mnunuapo kitu kigeuzeni chini mkasome, na muuzaji mumwulize. Nanyi mtakapopeleka kazi zenu kwenye maonyesho, andikeni majina ya wote walioshika waya.

Babu ameiweka treni juu ya kabati. Chini yake alibandika kipande cha karatasi alichokiandika kwa mkono wake: Uchina, kazi njema.

Mwanafunzi wa Zamani