Kiwanja chenye pundamilia dirishani

PILIPILI USIYOILA
Na Mwanaidi Shekilindi

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mimi na madalali wa viwanja hatuivi chungu kimoja. Basi Jumatano Mungu akaniweka siti moja na dalali, ndani ya kosta, kutoka Babati mpaka Makuyuni.

Kijana mtanashati, simu mbili, kitabu cha risiti mapajani. Jua linazama tunaingia Kwakuchinja, dereva akapunguza mwendo. Pundamilia. Kundi dogo lilikuwa linatoka upande wa Tarangire, na mtoto mmoja mwenye manyoya bado ya kahawia kajibana ubavuni kwa mama yake. Abiria wa nyuma akafoka, "Dereva, piga honi, tuna safari!" Utadhani wale walikuwa wanapunga upepo.

Jirani yangu hakukasirika hata kidogo. Alifungua kioo, akapiga picha, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Mama, unaziona zile bikoni nyekundu? Viwanja vyetu vile. Unaamka, unafungua dirisha, pundamilia hao! Wazungu wanavilipia dola hivi vitu."

Hati je? "Iko njiani, mama."

Iko njiani kweli, nikawaza, na pundamilia nao wako njiani, ndiyo maana mmegongana. Walivuka lami, wakashuka, wakakutana na seng'enge mpya iliyokazwa kwenye nguzo za mkaratusi. Jike wa mbele akasimama. Akanusa waya, akaufuata kidogo upande wa kulia, akasita, akageuka akaufuata upande wa kushoto, na wenzake wote nyuma yake. Hakuna mlango. Dereva wetu akachoka kusubiri, akapiga honi, kundi likarudi mbio barabarani kwa mara ya pili, mtoto akiwa wa mwisho, mbele ya lori. Breki zikalia. Kwenye kosta watu wakacheka, na dalali akakagua kama picha imetoka vizuri.

Mtu huyu anauza mandhari, halafu anayazungushia waya yasifike! Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa anaongea na simu zote mbili. Nimweleze hapa.

Tarangire kwa wanyama hawa ni kisima cha kiangazi. Ukame ukikaza, Mto Tarangire ndio maji ya kutegemea, wote wanarundikana huko. Mvua zikianza wanatawanyika: wengine mashariki, tambarare za Simanjiro, wengine hapa Kwakuchinja kuelekea Manyara, na wapo wanaopanda kaskazini hadi jirani na Ziwa Natron. Nyasi za Simanjiro zina fosforasi na kalsiamu, na jike anayenyonyesha hapati za kutosha akibaki hifadhini. Ukimfungia ndani mwaka mzima unamnyima maziwa mtoto wake. Nyumbu wa ukanda huu mwishoni mwa miaka ya 1980 walikadiriwa zaidi ya 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa kama 5,000. Ujangili ulichangia, sawa. Lakini nyumbu huzaa kila mwaka akiachiwa njia, na njia ndiyo tuliyolima, tukajenga, na sasa tunaipima miguu ishirini kwa ishirini.

Hifadhi yenyewe tunailinda, hilo sikatai. Tangu 1970 Tarangire ina mipaka, ina askari, ina lango la kulipia kiingilio. Ushoroba, yaani njia hii ya wanyama, hauna lango, kwa hiyo kila mtu anauona shamba la bibi. Kanuni za shoroba zipo tangu 2018, zimechapishwa na kupigwa mhuri. Bikoni nyekundu nazo zipo, na zinaonekana kutoka barabarani.

Msiniandikie kwamba nawachukia wanakijiji. Vijiji vya Burunge vilitenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama, na wao ndio wanaokesha wakifukuza tembo mahindini. Wateja wa kijana wangu si hao. Alikuwa anawataja simuni: wa Njiro, wa Mbezi, na mmoja aliye Dubai ambaye hajawahi kufika Kwakuchinja.

Wakenya wamewachimbia tembo wa Mlima Kenya njia chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, na tembo wanapita. Sisi hatujaombwa hata kuchimba. Tumeombwa tusiuze tu.

Shemeji yangu, yule yule wa kiwanja cha Kigamboni chenye wenyewe watatu, nilimsimulia haya yote jana. Akasikiliza kwa makini, akauliza bei. Leo asubuhi ametuma kianzio. Nimemuuliza kama na yeye atapiga uzio.

"Lazima, shemeji," akanijibu. "Kule si kuna wanyama?"