DAKTARI, NIULIZE KAZI YANGU

Neno la Mhariri



Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa karakana alirudi kazini baada ya kukaa nyumbani miezi saba. Jina lake sitaliandika, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake. Lakini yeye mwenyewe aliniambia, "Andika yaliyonipata, ili mwingine asipite nilikopita mimi." Nami naandika kwa haya kidogo, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa wale waliomcheka.

Kazi yake ilikuwa kukata mabehewa ya zamani kwa moto wa gesi, yauzwe kama vyuma vikuukuu. Kila mmoja wetu ayajua mabehewa hayo. Yamepakwa rangi juu ya rangi miaka mingi, na chini kabisa iko ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Moto ukigusa, rangi hutoa moshi. Moshi huo ndugu yetu aliuvuta kutwa, siku sita kwa juma, puani amefunga kitambaa tu.

Alianza kwa kuumwa na tumbo, maumivu ya kukaza karibu na kitovu, yakija na kwenda. Choo kikakosekana siku nne, siku tano. Kichwa kikauma, viungo vikauma, nguvu zikaisha. Alikwenda zahanati ya kwanza, akatobolewa kidole, akaambiwa ni malaria. Akameza dawa, asipone. Zahanati ya pili ikasema ni taifodi, akapewa vidonge vya siku kumi na nne. Hakupona. Ya tatu ikasema ni vidonda vya tumbo, akakatazwa maharagwe na pilipili. Nyumbani wakasema amerogwa, na mbuzi wawili wakauzwa. Kazini foromani akamwandikia barua mbili za onyo kwamba ni mvivu. Nasi wenzake tukasema, "Huyu ameanza kupenda kitanda."

Mwisho alipelekwa hospitali usiku, amejikunja kwa maumivu. Ilidhaniwa ni kidole tumbo, ikaamuliwa apasuliwe. Hapo ndipo daktari mmoja kijana alipomwuliza, "Mzee, wafanya kazi gani?" Akajibu, "Niko reli." Yule kijana asiridhike. Akasema, "Reli ni kubwa, mzee. Mikono yako hufanya nini kutoka asubuhi hadi jioni?"

Ndugu zangu, swali lile ndilo lililomwepusha na kisu. Aliposikia habari ya moto na rangi, daktari alimfunua mdomo, akaona mstari wa buluu iliyokolea kwenye ufizi, pale unapokutana na meno. Akamwambia anyoshe mikono mbele. Viganja vikaanguka, hakuweza kuviinua sawasawa. Damu ikatumwa kupimwa, na jibu likarudi kwamba ana sumu ya risasi.

Hapa sisemi risasi ya bunduki, bali yale madini mazito yenyewe, yanayotiwa katika betri na yaliyotiwa zamani katika rangi nyingi za chuma. Huingia mwilini kwa pumzi, na kwa mkono wenye vumbi unaoshika chapati. Yakiingia damuni hupunguza damu, hukaza matumbo, hulegeza mishipa ya fahamu. Mengine huenda kujificha katika mifupa, yakakaa humo miaka mingi. Ndiyo sababu ugonjwa huu hudanganya. Leo huvaa shati la malaria, kesho koti la vidonda vya tumbo, kesho kutwa kofia ya kidole tumbo. Mwenyewe hajulikani mpaka aulizwe anatoka wapi.

Mtu atauliza, "Mbona karatasi ya zahanati ilisema malaria?" Swali hili ni la haki. Yawezekana vijidudu vya malaria vimo damuni, na bado kinachomwumiza mtu ni kingine. Tena kile kipimo cha haraka cha malaria chaweza kuonyesha mstari majuma kadhaa baada ya mtu kutibiwa na vijidudu kwisha. Nacho kipimo cha taifodi kiitwacho Widal chaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyeugua taifodi zamani, au aliyechanjwa. Kwa hiyo karatasi yaweza kusema kweli, lakini isiwe kweli yote.

Hatuandiki haya ili kuwatukana madaktari. Daktari aliye na foleni mpaka mlangoni hana budi kufikiri kwanza yale magonjwa ya kila siku. Malaria huua, na kuitibu upesi ni jambo jema. Kosa si kuanza na malaria. Kosa ni pale dawa inaposhindwa mara ya kwanza, ikashindwa mara ya pili, na mgonjwa akabadilishiwa chupa tu, wala swali lisibadilike.

Fundi wetu wa kukagua mabehewa hufanyaje? Hatazami rangi ya behewa akasema ni zima. Hugonga gurudumu kwa nyundo, akasikiliza. Sauti ikiwa mbaya hauliza gurudumu lile jina, huuliza limebeba nini na limepita wapi. Mwili wa mfanya kazi nao wataka kukaguliwa hivyo.

Na jambo hili si geni duniani. Alikuwako daktari mmoja wa Italia, jina lake Bernardino Ramazzini. Siku moja watu walikuja nyumbani kwake kuzoa shimo la choo. Alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka kupita kiasi, akamhurumia, akamwuliza sababu. Yule mtu akamjibu kwamba akikaa mle shimoni zaidi ya saa chache macho yake yataingia upofu. Ramazzini akamtazama macho, akayaona mekundu na yenye kiwi. Basi akaanza kuzunguka katika karakana za mji, kwa wafinyanzi, wachimba madini, wapaka rangi, akiona na kuuliza. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi. Humo alisema kwamba daktari, juu ya maswali yote ya kale anayomwuliza mgonjwa, aongeze moja: wafanya kazi gani? Tena aliandika habari za wafinyanzi waliosaga risasi, jinsi mikono yao ilivyotetemeka kisha ikapooza. Ni miaka zaidi ya 300 tangu hapo, na mpaka leo swali lile husahauliwa.

Wala tusiende mbali hadi Italia. Hapa kwetu Kenya, Mombasa, penye kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Mwaka 2009 Bi Phyllis Omido aliajiriwa hapo. Mtoto wake mchanga akaugua sana. Ilifikiriwa malaria, ikafikiriwa taifodi, na sababu isionekane. Mwisho damu ya mtoto ikapimwa risasi, nayo ikaonekana. Mtoto hakuwa ameingia kiwandani hata siku moja. Mama huyo akaacha kazi, akasimama na wanakijiji. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ule ukatenguliwa katika rufani, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Tazameni jinsi swali moja la damu ya mtoto lilivyokwenda likafika mpaka mahakama kubwa ya nchi.

Sasa wewe unayerudi nyumbani na ovaroli yako, ukambeba mtoto kabla ya kuoga, fikiri. Vumbi lililo kwenye nguo yako halijui kwamba kazi imekwisha.

Yako magonjwa mengine mawili ya namna hii ambayo yafaa kila mtu wa reli ayajue.

La kwanza ni la wachomeleaji. Mtu akichomelea chuma kilichopakwa zinki, kama mabati, pahali pasipo hewa, moshi wake waweza kumletea baridi, kutetemeka na homa jioni ile ile. Kesho yake au kesho kutwa amepona. Wengi huita malaria, wakameza dawa, na dawa ikapewa sifa isiyo yake. Mara nyingi humpata mtu siku ya Jumatatu, kwa sababu mwili uliozoea moshi juma zima huzoeuka siku za mapumziko. Ukiona homa yako yafuata zamu yako, mwambie daktari.

La pili ni la wanaopasua na kutoboa mawe, na wanaomwaga kokoto za njia ya reli. Vumbi laini la mawe huingia ndani kabisa ya mapafu lisitoke tena. Baada ya miaka mtu hukohoa, hukonda, hukosa pumzi, na picha ya kifua yafanana na ya kifua kikuu. Wako waliokula dawa za kifua kikuu bila faida, maana dawa haiondoi vumbi. Lakini sikieni vizuri: mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko mengine, na mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo asiwepo wa kutupa vidonge vyake kwa sababu ya kusoma karatasi hii. Endelea na dawa, na umweleze daktari habari za vumbi.

Basi tufanye nini?

Wewe mwanachama, ukienda hospitali usingoje kuulizwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Usiseme "niko reli" ukanyamaza. Sema: nakata vyuma vyenye rangi kuukuu, nachomelea mabati, niko chumba cha betri, napasua mawe. Sema tangu mwaka gani. Sema kama maumivu hupungua ukiwa likizoni. Sema kama wenzako wanaumwa vile vile. Mkiwa watatu wa banda moja wenye tumbo la namna moja, mwambieni mwakilishi wenu siku hiyo hiyo, naye aandike katika daftari. Unawe mikono kabla ya kula, usile penye kazi, na ovaroli isilale chumba kimoja na watoto.

Wakubwa wa kazi nao wana wajibu wao, na si hisani tuombayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka pahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yamtaka pia daktari anayemwona mgonjwa wa sumu ya kazi ampelekee habari Mkurugenzi wa usalama kazini. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo wa 2007 haihesabu kuvunjika mguu peke yake, huhesabu na ugonjwa uliotokana na kazi. Lakini ugonjwa ulioandikwa "malaria" haulipwi na mtu yeyote. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Jina lisilo lake humnyima mtu dawa, kisha humnyima haki yake.

Kwa hiyo chama chadai mambo manne. Kwanza, kila anayekata, anayekwangua au anayechoma rangi kuukuu, na kila aliye chumba cha betri, apimwe damu kwa gharama ya mwajiri, na jibu apewe mwenyewe mkononi. Pili, rangi iondolewe kwanza pale moto utakapopita, kwa njia ya maji isiyorusha vumbi, na watu wapewe vifuniko vya kweli vya pua, sabuni, na pahali pa kubadilisha nguo. Tatu, atakayeonekana na sumu ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguzwa mshahara, maana dawa ya kwanza ya risasi ni kumtoa mtu penye risasi. Akifukuzwa mmoja kwa ajili ya damu yake, wote wengine watakataa kupimwa, na ugonjwa utarudi mafichoni.

La nne ni dogo kwa karatasi, kubwa kwa moyo. Zile barua mbili za onyo zilizoandikwa juu ya ndugu yetu zitolewe katika faili lake. Hakuwa mvivu. Alikuwa anatiwa sumu na kazi aliyokuwa akiifanya kwa bidii. Mkono wake wa kuume bado haujapata nguvu kamili, na sasa yuko stoo akihesabu misumari. Jumatatu ya kwanza aliporudi nilimwendea nikamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Hata mimi nilikuwa nimekwisha kujiamini kuwa ni mvivu."

Maneno hayo yamenikaa. Mkutano wa tawi utalijadili jambo hili mwisho wa mwezi. Njooni wote, na mje na daftari za mabanda yenu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri