Mshenga Aliyekula Akatoroka

Mnakumbuka Januari ya 2024. Starlet Wahu aliuawa katika nyumba ya kukodisha kwa siku mtaani South B, Nairobi, na ripoti zikasema yeye na mshukiwa walijuana kupitia Instagram. Kabla wiki mbili kuisha, mwanafunzi wa JKUAT akauawa Roysambu, katika nyumba ya aina hiyo hiyo. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliingia barabarani Nairobi na miji mingine.

Mimi nakumbuka pia swali. Lilijaa kwenye simu yangu kabla hata ya mazishi, na nikalisikia huku kwetu Chwele, kwenye foleni ya kusaga mahindi: "Lakini alienda kufanya nini huko?"

Baada ya swali likaja somo. Kila mwenye bando akawa mshauri. Kutana naye mchana. Mwambie rafiki. Tuma lokesheni. Usinywe kitu kilichofunguliwa. Usiende kwake. Nayafuata yote, na wewe yafuate. Nina rafiki Kitale anayejua nilipo kuliko mamangu anavyojua. Ila hesabu hivyo vitenzi: kutana, mwambie, tuma, usinywe, usiende. Vyote anaamriwa anayewindwa. Hakuna hata kimoja anachoambiwa mwindaji, wala mwenye msitu anayetoza kiingilio.

Huyo mwenye msitu ndiye nina kesi naye.

Kwetu Wabukusu, mtu hakuwa anaoa picha. Kabla ng'ombe hawajatajwa, watu walikaa wakauliza: ukoo wa baba ni upi, wa mama ni upi, kuna undugu hapo, kuna mwizi au mpiga wake katika boma hilo? Kukhu wangu hadi leo ukimtajia mtu wa Kimilili au Webuye, ananyamaza kidogo, halafu anakupangia vizazi vitatu. Na katikati alikuwepo mshenga. Mshenga alikula. Alikula kuku, akanywa busaa, akapewa cha kumshukuru. Na kwa sababu alikula, siku binti akirudi kwao na jicho limevimba, mshenga aliitwa. Wewe ndiye ulituambia huyu ni mtu. Haya, sema.

Msidhani nawaimbia mababu. Wazee hao hao ndio waliozoea kumaliza kesi ya mtoto aliyenajisiwa kwa mbuzi mmoja na kushikana mikono. Na disco matanga, ambazo serikali imezipiga marufuku huku magharibi mara nyingi hadi marufuku yenyewe imekuwa kama salamu, hazikuhitaji intaneti. Wasichana wa shule waliharibiwa katikati ya watu wanaojuana hadi majina ya ng'ombe. Tena serikali yenyewe ilisema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024, na si wote waliouawa na watu wa mtandaoni. Wanawake wengi wanaouawa nchi hii huuawa na mtu wanayemjua, mume au mpenzi. Kwa hivyo sitaki turudi huko. Nataka kitu kimoja tu kutoka huko: anayekula kwa kuunganisha watu, aitwe mambo yakiharibika.

Hapa Kabuchai ukitaja Tinder wengi watakuuliza ni nini. Mapenzi ya mtandaoni huku ni magrupu ya Facebook na WhatsApp, ni TikTok usiku, ni inboksi. "Natafuta mchumba, miaka 24, Bungoma, aliye serious pekee." Kuna maadmini wanaotoza shilingi mia ndio wakutangaze. Wamekula hao. Ukimtafuta baadaye umwambie yule jamaa uliyemweka kwenye grupu amenifanyia hivi na hivi, unakuta umeblokiwa.

Halafu kuna fare. Tumecheka sana na fare nchi hii. Tuna utani wa "kula fare", kama vile miaka ile tulivyocheka na Team Mafisi hadi fisi akawa jina la kujivunia. Lakini tazama fare inavyofanya kazi kwa msichana wa Mukwa au Nalondo ambaye hajawahi kushika elfu mbili zake mwenyewe. Jamaa wa Nairobi anatuma pesa ya basi. Ikishaingia M-Pesa, mazungumzo yanabadilika sauti. Ameshalipa. Akifika huko anagundua kwamba fare huwa ya kwenda tu. Ya kurudi iko mfukoni mwa mwenyeji, na itatoka mwenyeji akiridhika. Asipoenda, yeye ni mwizi, na kuna wanaume wanaoamini kabisa kwamba deni la elfu moja mia tano linawapa ruhusa ya kumpiga mtu. Hakuna mzee aliyekaa kuzijadili pesa hizo. Ni mahari isiyo na mashahidi.

Wasichana nao hawajakaa tu. Karibu kila mmoja ninayemjua hufanya uchunguzi wake: anaandika nambari ya jamaa kwenye M-Pesa kama anayetaka kumtumia shilingi kumi, jina linatokea, anakata kabla pesa haijaenda. Umejiita Brian na M-Pesa inakuita Wycliffe? Kwaheri. Huo ndio ukoo tunaouliza siku hizi. Ni ujanja mzuri, na unaishia pale jamaa anapotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la nyanyake.

Kampuni hupenda kusema kwamba haziwezi kujua kila kinachoendelea kati ya watu wazima wawili. Hilo naomba nilicheke kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala, maelezo ya bidhaa, chochote kinacholipwa kwa neno. Ukitafuta kazi za namna hiyo ukiwa Bungoma au Kitale, hukawii kuletewa ile ya kuchati. Unapewa akaunti ya mwanamke asiyekuwepo, na picha zake, umri wake, talaka yake, hadi mbwa wake. Mwanaume mpweke huko ng'ambo analipia kila ujumbe anaotuma. Wewe unalipwa senti kwa kila jibu, mradi asiache kuandika na asikutane na mtu kamwe. Nina rafiki aliyekuwa akiifanya usiku, kijana ana ndevu zake, akiwa mjane wa miaka 52. Anasema kila ujumbe ulisomwa, kila jibu lilipimwa, ukiandika fupi unakatwa. Si tovuti zote ziko hivyo. Lakini zilizo hivyo zimetuonyesha kwamba pale penye pesa, mshenga anaona mpaka koma.

Na zile kubwa zenye jina zuri? Tinder, Hinge na OkCupid zote ni za kampuni moja ya Marekani, Match Group. Mwaka 2020 mwanamke mmoja aliripoti kwa Hinge kuhusu daktari wa moyo wa jiji la Denver. Daktari huyo aliendelea kuonekana kwenye programu za kuchumbiana, akaendelea kukutana na wanawake na kuwatilia dawa kwenye vinywaji. Alikamatwa 2023. Oktoba 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 158. Mwaka 2025 waandishi wa habari za uchunguzi walieleza kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiweka kumbukumbu za watumiaji walioripotiwa kwa ukatili wa namna hiyo tangu 2016. Yaani ripoti walikuwa nazo. Aliyekuwa gizani ni mwanamke aliyekuwa anavaa viatu aende kukutana naye.

Sasa rudi South B. Mshukiwa alipokamatwa, wanawake wengine walijitokeza wakadai kwamba mtu huyo aliwatendea ukatili hata wao, kabla. Ukweli wa hayo ni kazi ya mahakama. Swali langu ni jingine: madai ya aina hiyo, kabla mtu hajafa, yanapelekwa wapi yakakaa?

Kituoni, utasema. Haya. Binti wa jirani yetu, miaka 21, alijuana na jamaa kwenye Facebook, wakapendana kwa miezi minne, akamtumia picha. Jamaa akaanza kudai pesa: elfu tano, kisha elfu nane, la sivyo picha ziende kwa babake na kwenye grupu la kanisa. Nilimsindikiza kituo cha polisi ambacho sitakitaja. Afande aliyekuwa kwenye kaunta akamuuliza, "Sasa madam, si ulituma mwenyewe?" Kisha akataka aonyeshwe hizo picha, ati za ushahidi, na mwenzake akasogeza kiti ili naye aone ushahidi. Tulipewa nambari ya OB. Tukarudi nyumbani kwa boda, watu watatu kwenye pikipiki moja, hakuna aliyeongea.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za utupu za mtu mwingine anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Kudai mali kwa vitisho nako ni kosa katika Kanuni ya Adhabu tangu zamani. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa kama alituma mwenyewe." Na msiniambie polisi wetu hawajui mambo ya mtandao. Sheria hiyo hiyo ya 2018 imetumika kuwakamata wanablogu waliowaudhi wakubwa, na hapo simu ya mtu hupatikana ilipo kabla jua halijazama. Uwezo upo. Wanachochagua ni nani wa kumtafutia.

Si wasichana tu wanaoumia, hilo nalisema kwa wale ambao tayari wameanza kuandika "na wanaume je?" Wanaume huwekewa mchele kwenye bia na mtu waliyemjua mtandaoni, wakaamka loji ya Kitale bila simu, M-Pesa tupu na Fuliza imekopwa hadi mwisho. Hawaripoti, kwa sababu nyumbani walisema wameenda kuona shamba. Na kuna kundi ambalo hata uongo wa shamba hauwasaidii. Wanaume wanaopenda wanaume huvutwa kupitia programu zao, wakafika wakakuta watu wanne chumbani, wakapigwa, wakaporwa, kisha wakaambiwa walipe kila mwezi au wafichuliwe. Wataenda kituo gani? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kina miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikiacha kilivyo Mei 2019. Unaweza kuamini unachoamini Jumapili. Lakini mwindaji anayejifunzia mkono kwa mtu asiyeweza kushtaki hataishia kwa mtu huyo.

Kuna wanaosema dawa ni kila mtu aweke kitambulisho ndio aruhusiwe kutafuta mchumba. Polepole hapo. Julai 2025 programu ya Marekani iitwayo Tea, ya wanawake kuonyana kuhusu wanaume, ilivamiwa na wadukuzi. Picha zipatazo 72,000 zilivuja, na kati yake takriban 13,000 zilikuwa za nyuso na vitambulisho ambavyo wanawake walikuwa wametoa ili wathibitishwe. Walienda kutafuta ulinzi wakavuliwa nguo. Mshenga mtoro ukimwongezea kitambulisho chako, umempa tu mzigo mwingine wa kutoroka nao.

Ninachotaka ni kidogo, ingawa hawatakipenda. Mtu akiripotiwa kwa ukatili, wale anaochati nao wakati huo waambiwe. Akifungiwa, afungiwe kwa nambari yake na kwa simu yake, si kwa jina la akaunti ambalo atalibadilisha akingoja ugali uive. Ripoti iweze kuandikwa kwa Kiswahili na ijibiwe na binadamu. Na awepo mtu hapa Kenya, mwenye jina na mlango, anayeweza kupelekewa samansi. Msiseme haiwezekani kwa kuwa kampuni ziko ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inaigusa kampuni isiyo na ofisi hapa, mradi inashughulikia data za mtu aliye Kenya. Kwa nini iwe rahisi kuishtaki kampuni kwa kuvujisha nambari yangu kuliko kwa kunipeleka kwa mtu ambaye ilishaambiwa ni hatari?

Maadmini wa shilingi mia nao wasijifiche nyuma ya udogo wao. Wala wenye loji, ambao kitabuni huandika jina la anayelipa tu. Wa pili anapanda ngazi bila jina, na akishuka amebebwa, hakuna anayejua aandikwe nani. Na afande akumbuke kwamba hakuajiriwa kutazama picha. Kama kaunta imekushinda, nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na huko hutaulizwa kwanza kama ulituma mwenyewe.

Binti wa jirani ana nambari yake ya OB kwenye simu, ameipiga picha isipotee. Alilipa elfu tano za kwanza kwa kuuza kuku wa mamake. Za pili hakulipa. Tuliripoti akaunti ya jamaa kwa Facebook mara tatu, mimi, yeye na dadake. Jibu lilikuja ndani ya siku moja: akaunti haijakiuka viwango vyao. Juzi niliingia kuangalia. Bado yupo. Ameweka picha mpya, amesimama kando ya gari ambalo sidhani ni lake, na kwenye maelezo ameandika kwamba anatafuta mke mcha Mungu, kutoka Bungoma au Kitale.