Shauri la Juma Hili: Pasipoti Yako Ikae Mkononi Mwako

Juma lililopita, siku ya soko, mzee mmoja mkulima wa upande wa Moiben alinijia hapa Eldoret akiwa pamoja na binti yake. Tukaingia katika mkahawa ulio karibu na kituo cha matatu, tukaagiza chai, na baada ya kuulizana habari za mvua na mahindi, mzee akatoa lililomleta.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu amepata kazi ya nyumbani huko Saudi Arabia. Pasipoti yake imekwisha kutoka. Sasa wakala anayempeleka asema tumwachie yeye pasipoti hiyo mpaka siku ya kupanda ndege, ati isije ikapotea. Mimi sioni ubaya. Yeye ana ofisi na kabati la chuma, nami nyumbani kwangu nina panya."

Binti hakusema neno. Alikuwa ameishika bahasha mapajani kwa mikono miwili, nami nikatambua kwamba pasipoti ilikuwamo humo.

Habari ya panya ilinichekesha kidogo, lakini swali lenyewe si la kuchekwa. Katika Uasin Gishu na nchi jirani zake, ni vijiji vichache visivyo na mtu aliyevuka bahari: mkimbiaji aendaye Boston au Berlin, mwanafunzi, muuguzi, au kijana aliyekwenda Doha kuwa mlinzi. Zamani mtu wa hapa aliyetaka pasipoti ilimpasa kufunga safari hadi Nyayo House, Nairobi. Leo iko ofisi ya pasipoti papa hapa Eldoret. Kuipata kumekuwa rahisi kuliko zamani. Kuilinda bado ni kazi, na kazi hiyo wengi hawakufundishwa.

Pasipoti ni mali ya nani?

Watu wengi hudhani kwamba pasipoti ni mali ya yule aliyeilipia. Sivyo. Kijitabu hicho ni mali ya Serikali ya Kenya, nawe umekabidhiwa ukitumie. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 12, yasema kwamba kila raia ana haki ya kupewa pasipoti ya Kenya. Basi haki ni yako na kijitabu ni cha Serikali. Wakala hana sehemu humo, wala tajiri wa ng'ambo hana, wala mwenye nyumba anayekudai kodi hana. Kitu cha namna hii huitwa amana, na amana haiwekwi rehani.

Nilimwuliza mzee kama alipata kukiona kipande. Akasema yeye hakukivaa, bali baba yake alikivaa, na kile kisanduku chake kilikaa nyumbani miaka mingi, watoto wakikichezea.

Vijana hawakijui, kwa hiyo yafaa nieleze. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutiwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake na alama za vidole vyake, naye aliichukua kila aendako ndani ya kisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mwajiri aliandika habari za kazi na mshahara; na siku ya kuacha kazi ilipasa atie sahihi kwamba amemwachilia mtu wake. Bila sahihi ile ilikuwa vigumu mno mtu kuajiriwa kwingine, na akitoroka aliweza kutafutwa kwa alama za vidole vyake. Katika mashamba makubwa ya nchi hii yetu jambo hilo lilijulikana sana. Kipande kilikuwa shingoni mwa mfanyakazi, lakini nguvu yake ilikuwa katika kalamu ya bwana shamba. Sheria ya mwaka 1947, ya kuandikisha watu wa rangi zote, ndiyo iliyokiweka kando.

"Mzee," nikamwambia, "baba yako alifungwa kwa karatasi ambayo mwingine ndiye aliyeiamuru. Pasipoti imefanywa ili imfungulie mtu njia. Lakini ikikaa katika kabati la mwingine, yageuka kuwa kipande."

Mzee akanyamaza, akawa anakoroga chai iliyokwisha poa.

Habari za wakala

Sitaki kuwaonea mawakala wote. Wako walio waaminifu, na tena ni kweli kwamba wakala aweza kuihitaji pasipoti kwa siku kadhaa ili apeleke maombi ya viza. Lakini kuihitaji kwa kazi maalum ni jambo moja, na kuiweka miezi ni jambo jingine. Mtu ambaye pasipoti yake imezuiliwa hawezi kubadili nia. Akitaka kujitoa huambiwa alipe kwanza fedha hizi na hizi. Hapo amana imekwisha kuwa rehani.

Kwa hiyo kwanza hakikisha kwamba wakala huyo ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kisha, ikiwa ni lazima umpe pasipoti, akuandikie hati yenye jina lake, nambari ya pasipoti, sababu ya kuichukua, tarehe ya leo na tarehe ya kuirudisha, naye aitie sahihi. Mkulima akipeleka mahindi kwenye maghala ya Halmashauri ya Nafaka hupewa risiti. Itakuwaje mtu adai risiti kwa gunia la mahindi, kisha atoe pasipoti ya mtoto wake kwa neno la mdomo?

Ukifika ng'ambo

Katika nchi za Ghuba kuna desturi iitwayo kafala, ambayo kwayo mwajiri ndiye mdhamini wa mgeni, na kibali cha kukaa hufungamana naye. Kwa ajili hiyo waajiri wengine huona kwamba pasipoti ya mfanyakazi ni dhamana yao. Lakini sheria za nchi hizo hazikubali. Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zote zimekataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi. Na sheria ya Qatar ya mwaka 2015 yaweka faini ya hadi riyali 25,000 kwa afanyaye hivyo.

Je, sheria hizo hutimizwa? Si siku zote. Wapo Wakenya wengi waliofanya kazi za nyumbani huko waliorudi wakisimulia kwamba pasipoti zao zilichukuliwa mara tu walipofika. Binti aliye ndani ya nyumba ya watu, asiyejua lugha wala njia, hawezi kusimama mlangoni akasoma vifungu vya sheria. Basi nilimpa binti huyu maneno haya, nami nawapa ninyi pia.

Ukiombwa pasipoti, jibu kwa adabu kwamba utaitoa ipelekwe kuandikiwa kibali, nawe wapenda kurudishiwa baadaye. Na toa nakala ikiwa nakala yatosha. Ukinyang'anywa, usipigane. Waarifu watu wako nyumbani siku ile ile, ukitaja tarehe na jina la aliyeichukua. Ubalozi wa Kenya uko Riyadh, uko Doha, uko Abu Dhabi. Andika anwani yake na nambari yake ya simu kabla hujaondoka Eldoret, wala usizitie katika simu peke yake, maana simu nayo yaweza kuchukuliwa.

Mambo ya kufanya kila siku

Sasa nitasema na wasafiri wote, hata wale wasiokwenda kwa kazi.

Kwanza, fanya nakala ya ule ukurasa wenye picha na nambari, na ya viza pia. Nakala moja ikae katika mzigo wako mbali na pasipoti yenyewe, na nyingine ibaki nyumbani kwa mtu mwaminifu. Piga na picha yake, uitume katika barua pepe yako mwenyewe, ili uipate hata ukiwa mikono mitupu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, siku ya safari usiitie pasipoti katika mfuko wa nyuma wa suruali, wala katika mzigo unaowekwa chini ya basi au tumboni mwa ndege. Shona mfuko mdogo wa kitambaa uuvae ndani ya nguo. Bibi zetu walifutika fedha kibindoni, wala hawakuwa wajinga.

Tatu, mwenye hoteli akiitaka, mpe aandike au atoe nakala, nawe ungoje hapo hapo mpaka akurudishie. Ukisimamishwa njiani na mtu asiye na sare asemaye kwamba ni polisi, mwombe kwanza akuonyeshe kitambulisho chake, au mwende pamoja hadi kituo.

Nne, usimwazime mtu pasipoti, wala usiiweke kwa deni. Kumpa mwingine asafirie jina lako ni kosa kubwa la sheria, nawe ndiwe utakayetafutwa.

Tano, itunze isiharibike. Pasipoti za Kenya zinazotolewa tangu mwaka 2017 zina chombo kidogo sana cha elektroniki kinachohifadhi habari za mwenyewe. Usiikunje, usiiloweshe, wala usiiache juani ndani ya motokaa. Tazama pia tarehe ya mwisho wake: nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi 6.

Sita, usiichukue pasipo haja. Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Kama safari yako ni ya kupita Malaba kumwona ndugu, iache nyumbani.

Ikipotea

Tahadhari yote ikishindwa, na pasipoti ikapotea au ikaibwa, usifiche kwa haya. Nenda polisi wa mahali ulipo uandikishe habari, nao wakupe karatasi ya ushahidi. Ichukue karatasi hiyo pamoja na nakala yako uende ubalozini. Watakapokwisha kukutambua kuwa u raia, waweza kukupa hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani. Hapo ndipo mwenye nakala na asiye na nakala hutengana: wa kwanza hutambuliwa upesi, wa pili hungoja huku maulizo yakipelekwa Nairobi.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukiisha kutoa taarifa kwamba pasipoti imepotea, kisha ukaiona chini ya godoro, usiitumie tena. Polisi wa kimataifa, Interpol, tangu mwaka 2002 wanayo orodha ya pasipoti zilizopotea na kuibwa, na maofisa wa mipaka ya nchi nyingi huitazama. Pasipoti ile imekwisha kufa. Ukiitoa uwanjani utazuiliwa kana kwamba wewe ndiwe mwizi wake. Irudishe kwa Idara ya Uhamiaji, uombe nyingine.

Tulipokwisha kunywa chai, mzee alimwambia binti yake afungue bahasha. Akatoa kalamu, na daftari ambalo huandikia magunia yake na bei ya mbolea, akanakili nambari ya pasipoti polepole, tarakimu moja moja, binti akimsomea. Alipomaliza akamwambia asome tena, naye akahakikisha.

"Wakala je?" binti akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Wakala ataandika," mzee akajibu. "Akikataa kuandika, tutatafuta mwingine. Na huyo mwingine akikataa, mahindi bado yapo."

Kisha wakaenda kununua mkebe wa bati wenye kifuniko imara, kwa ajili ya panya.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndugu msomaji. Kabla ya kumwaga mtoto wako safari hii, mwulize maneno mawili: pasipoti yako iko wapi, na nakala yake iko kwa nani? Akisitasita, safari haijawa tayari.